Maswali ya Wasomaji: Mafaili Yasiyo na Mwenyewe katika Klasta ya Solr

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja, nalo ni mafaili ya usanidi yaliyobaki ndani ya klasta za Solr, yaani makundi ya seva zinazoendesha kwa pamoja programu hiyo ya utafutaji, bila mtu kujua yalifikaje wala kama bado yana kazi. Nimechagua barua zinazokamilishana na kuzipanga pamoja, kwa kuwa jibu la moja mara nyingi linahitajika ili kulielewa jibu la nyingine. Kwa msomaji mgeni: mkusanyo ni kundi la nyaraka zinazotafutwa pamoja, seti ya usanidi ni mafaili yanayoieleza Solr namna ya kuushughulikia mkusanyo, ZooKeeper ni programu inayoyatunza mafaili hayo kwa ajili ya seva zote, na Git ni hazina inayohifadhi mafaili pamoja na historia ya mabadiliko yake.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Ninasimamia mifumo katika chumba cha habari hapa Dodoma, na nimerithi klasta ya Solr yenye seva tatu za utafutaji na seva tatu za ZooKeeper kutoka kwa mwenzangu aliyehama. Nilipofungua ukurasa wa usimamizi na kutazama mti wa ZooKeeper, nilikuta ndani ya seti ya usanidi ya mkusanyo wetu mafaili ambayo hayamo katika hazina ya Git tunayoitumia: schema.xml.bak, solrconfig.xml~, visawe-zamani.txt, configoverlay.json na params.json. Nimeipakia upya seti nzima mara mbili nikitarajia kwamba yatatoweka, lakini bado yapo. Je, ni salama kuyafuta, na niyafuteje bila kusimamisha huduma?

Msimamizi wa mifumo, Dodoma

JIBU

Marahaba. Nakuomba usifute chochote kwa leo, kwa sababu katika orodha yako ya mafaili matano, mawili huenda ndiyo yanayoiendesha klasta yako kama inavyoenda sasa.

Tuanze na sababu ya mafaili hayo kutotoweka. Tangu Solr 4.0 ilipotoka mwaka 2012 na kuleta utaratibu wa SolrCloud, usanidi wa mkusanyo hausomwi tena kutoka kwenye diski ya kila seva, bali huwekwa mahali pamoja ndani ya ZooKeeper, chini ya njia ya /configs, na kila seva husoma kutoka huko inapoupakia mkusanyo. Amri ya kupakia, yaani bin/solr zk upconfig, huchukua kila faili lililo katika saraka yako na kuliandika huko, na kama lipo la jina hilohilo huandika juu yake. Haiangalii kilichopo upande wa pili ambacho wewe huna. Kwa hiyo faili lililofutwa katika Git mwaka juzi litaendelea kukaa ndani ya ZooKeeper hata ukipakia mara mia, na hilo si hitilafu, ndivyo amri ilivyoundwa.

Sasa tuyatazame mafaili yenyewe. Lile la schema.xml.bak halikuandikwa na mwenzako kwa mkono. Solr inapotumia skima (maelezo ya sehemu za kila waraka na aina zake) inayobadilika kwa njia ya API, yaani kwa maombi yanayotumwa kwa Solr yenyewe, na kukuta bado kuna schema.xml, huigeuza kuwa managed-schema (tangu Solr 9, managed-schema.xml) kisha hulibadilisha jina lile la zamani kwa kuliongezea .bak mwishoni. Ni masalia ya uhamaji uliokamilika, na Solr hailisomi. Lile la solrconfig.xml~ ni nakala inayoachwa na baadhi ya programu za kuhariri maandishi. Amri ya kupakia huyaruka mafaili yanayoanza na nukta, ndiyo maana hukuti .DS_Store wala mafaili ya muda ya Vim huko, lakini jina linaloishia na alama ya wimbi hupita bila kuzuiwa. La visawe-zamani.txt siwezi kukuhukumia kwa jina lake tu, kwa kuwa neno "zamani" ni maoni ya aliyelipa jina na huenda skima bado inalitaja.

Mawili yaliyobaki ni habari nyingine kabisa. Mtu anapobadilisha usanidi kwa kutumia Config API, kwa mfano kuongeza muda wa autoCommit au kusajili kishughulikia maombi kipya, Solr haigusi solrconfig.xml. Huandika badiliko hilo katika configoverlay.json, na palipo na tofauti kati ya hayo mawili, lenye nguvu ni configoverlay.json. Vivyo hivyo params.json huhifadhi makundi ya vigezo vya maombi ambavyo programu zenu huenda zinaviita kwa jina kupitia useParams. Mafaili haya hayamo katika Git kwa sababu hayakuzaliwa katika Git, yamezaliwa ndani ya klasta yenyewe. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba hazina yenu ya Git haiwezi kuwa shahidi pekee wa kuamua faili lipi ni geni: klasta iliyo hai ndiyo ya kuulizwa kwanza. Fungua /solr/habari/config/overlay na /solr/habari/config/params, ukiweka jina la mkusanyo wenu badala ya habari, nawe utaona kilichomo. Kama ni mabadiliko mnayoyataka, yaingizeni katika solrconfig.xml na katika Git, kisha myaondoe kwa kutumia Config API yenyewe badala ya kulifuta faili.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza na ambalo linanitia wasiwasi zaidi kuliko mafaili hayo. Umesema umepakia seti nzima mara mbili. Kama kuna mtu aliwahi kuongeza sehemu mpya katika skima kwa kutumia Schema API, sehemu hizo ziliandikwa katika managed-schema iliyo ndani ya ZooKeeper, na nakala ya Git haizijui. Kwa kupakia, umeandika nakala ya zamani juu ya mpya. Mkusanyo unaweza kuendelea na skima iliyokwisha kusomwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu ya seva, na tatizo lisionekane hadi siku utakapoupakia upya. Kabla hujauagiza mkusanyo ujipakie upya au kuzima seva yoyote, linganisha orodha ya sehemu inayotolewa na /solr/habari/schema/fields, ambayo hujibiwa na mkusanyo ulio hai, na ile iliyomo sasa katika managed-schema ndani ya ZooKeeper. Tofauti yoyote utakayoiona iandike na uirudishe katika faili kwanza.

Ukishamaliza hilo, teremsha seti yote kama ilivyo:

bin/solr zk downconfig -n habari -d /var/nakala/habari-kabla -z zk1:2181,zk2:2181,zk3:2181/solr

ZooKeeper haina pipa la taka. Kilichofutwa hakirudishwi kwa amri, kwa hiyo saraka hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyuma, nawe usiiguse tena. Tengeneza nakala ya pili, na hiyo ndiyo utakayoisafisha. Tafuta ndani yake kila mahali jina la faili unalolishuku linapotajwa, ukitumia grep -r, na usisahau kutafuta ndani ya configoverlay.json pia, si ndani ya skima na solrconfig.xml pekee. Lisilotajwa popote, liondoe katika nakala hiyo. Kisha pakia nakala iliyosafishwa kwa jina jingine, tuseme habari-jaribio, na uunde mkusanyo mdogo wa majaribio wenye kipande kimoja unaotumia seti hiyo. Solr italazimika kusoma skima na solrconfig.xml tangu mwanzo, na kama kuna faili lililokosekana ambalo linahitajika wakati wa kupakia, mkusanyo hautaundwa na logi itakutajia jina lake.

Hata hivyo mkusanyo kuundwa si ushahidi kamili. Kishughulikia kilichowekewa startup="lazy" hakisomwi hadi kiitwe kwa mara ya kwanza, na mafaili yaliyomo katika saraka ya xslt hutafutwa tu pale ombi linapoyataja. Chukua basi maombi halisi kutoka katika logi zenu, yale yanayotumwa na tovuti yenu na yale ya ripoti za ndani, uyaelekeze kwenye mkusanyo wa majaribio. Mkusanyo ni mtupu, kwa hiyo usitarajie matokeo: unachotafuta ni kama kuna ombi litakalorudisha kosa.

Baada ya hapo rudi kwenye seti halisi na ufute faili moja moja kwa jina lake kamili:

bin/solr zk rm /configs/habari/schema.xml.bak -z zk1:2181,zk2:2181,zk3:2181/solr

Usitumie -r, kwa kuwa hufuti saraka. Ukimaliza, upakie mkusanyo upya papo hapo, ukiwa umekaa mbele ya logi:

curl "http://localhost:8983/solr/admin/collections?action=RELOAD&name=habari"

Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, wakisema kwamba huduma inaendelea vizuri. Huduma itaendelea vizuri kwa sababu Solr imekwisha kusoma faili na haitalitafuta tena hadi ijipakie upya. Katika shirika moja nililowahi kulifanyia kazi nilifuta orodha ya maneno ya kupuuzwa niliyodhani haina kazi, nikaona utafutaji unaendelea bila kasoro, nikaenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye seva zilizimwa kwa ajili ya matengenezo ya umeme, na zilipowashwa hakuna hata nakala moja ya mkusanyo iliyosimama. Aliyekuwa zamu usiku ule hakujua nilichokifanya, na alitumia saa nyingi akichunguza diski na mtandao. Ningeupakia mkusanyo upya mchana ule, ningeliona kosa mimi mwenyewe, nikiwa bado nakumbuka nilichokifuta.

Utasikia pia kwamba matoleo ya karibuni yana njia ya mkato: unapopakia seti kwa Configsets API ukiweka overwrite=true pamoja na cleanup=true, Solr hufuta kila kilichopo katika ZooKeeper ambacho hakimo katika zipu uliyoileta. Ni njia nzuri kwa timu ambayo usanidi wake wote unatoka Git na hakuna anayeugusa kwa API. Kwenu, kwa hali uliyoieleza, njia hiyo ingeondoka na configoverlay.json na params.json kwa pamoja. Iacheni hadi mtakapokuwa mmeyahamishia yote katika Git.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Muscat. Katika ZooKeeper yetu kuna saraka mbili za usanidi: /configs na /solr/configs. Zote zina seti zenye majina yaleyale, lakini ukizifungua mafaili hayafanani. Ipi ni ya kweli, na ile nyingine naweza kuifuta?

Msomaji, Muscat

JIBU

Wa alaykum salaam. Chanzo cha jambo hili karibu kila mara ni herufi chache zilizosahauliwa. Wasimamizi wengi huipa Solr tawi lake ndani ya ZooKeeper ili isichanganyike na programu nyingine, na tawi hilo huandikwa mara moja tu mwishoni mwa anwani, baada ya seva ya mwisho: zk1:2181,zk2:2181,zk3:2181/solr. Mtu akitumia amri ya kupakia akasahau /solr hiyo ya mwisho, amri haitalalamika. Itaunda /configs kwenye mzizi na kuweka mafaili huko, itasema imefaulu, na mtu huyo atashangaa kwa nini badiliko lake halionekani. Huenda akarudia mara kadhaa kabla ya kugundua. Kila jaribio lake linabaki pale.

Iliyo ya kweli ni ile inayosomwa na seva zako. Fungua solr.in.sh katika kila seva, si katika moja tu, utazame thamani ya ZK_HOST. Kama zote zinaishia na /solr, basi /solr/configs ndiyo inayotumika. Thibitisha pia kwa kutazama /live_nodes na /solr/live_nodes: seva ya Solr iliyo hai hujiandikisha hapo, na jina lake hutoweka lenyewe inapozimwa. Ukiona majina chini ya /live_nodes ya mzizini, kuna Solr nyingine inayoishi huko, pengine ya timu nyingine, na hapo hufuti kitu mpaka umeipata.

Ikiwa mzizini hakuna seva hai wala mikusanyo chini ya /collections, unaweza kuifuta /configs ya mzizini baada ya kuiteremsha kwanza kama nakala. Kabla ya kufanya hivyo linganisha seti hizo mbili, maana huenda ile iliyowekwa mahali pasipo pake ndiyo yenye marekebisho ambayo mtu aliyataka na hayajawahi kufanya kazi. Mwulize mwenyewe, kama bado yupo.

Nakuomba uchukue tahadhari nyingine mbili. Kwanza, kama ZooKeeper hiyohiyo inatumiwa na Kafka, programu ya kusambaza ujumbe, ya toleo lililotangulia 4.0, basi mzizini kuna pia /config, bila herufi s, nayo ni ya Kafka: ndimo usanidi wa mada zake ulimo. Andika amri ya kufuta, kisha isome herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza. Pili, kuna programu mbili zenye majina yanayokaribiana sana, zkcli.sh inayokuja na Solr na zkCli.sh inayokuja na ZooKeeper, na amri zake hazifanani. Katika ile ya kwanza, neno clear hufuta njia uliyoitaja pamoja na vyote vilivyo chini yake bila kukuuliza. Mimi hutumia bin/solr zk pekee kwa kazi hii, kwa kuwa angalau hukataa kuufuta mzizi wenyewe.

SWALI

Nimeyafuta mafaili yasiyotakiwa kama inavyoelekezwa, nikahakikisha kwamba hayapo. Juzi tuliwasha upya seva moja, na yote yamerudi, hata yale ambayo hakuna mtu anayeyakumbuka. Nimeyafuta tena na najua yatarudi tena. Yanatoka wapi?

Mhandisi, Mombasa

JIBU

Yanatoka kwenye diski ya seva hiyo uliyoiwasha. Tazama amri inayoiwasha Solr, pamoja na kila kitu kilichowekwa katika SOLR_OPTS, utafute -Dbootstrap_confdir au -Dbootstrap_conf=true. Katika miaka ya mwanzo ya SolrCloud vigezo hivi vilionyeshwa katika mifano ya kujifunzia, na watu wakavinakili hadi kwenye seva za kazi. Cha kwanza huiambia Solr ipakie saraka fulani ya diski kwenda ZooKeeper kila inapowashwa, na cha pili hufanya hivyo kwa usanidi wa kila kiini, yaani kila nakala ya kipande cha mkusanyo, kilichopo kwenye seva. Vilikusudiwa vitumike mara moja tu, siku ya kuanzisha klasta. Vikiachwa, kila seva inayoamka huandika upya usanidi wa klasta nzima kwa nakala yake ya zamani, na hapo mafaili yaliyorudi ndilo tatizo dogo: huenda solrconfig.xml yako nayo imerudi nyuma miaka miwili bila wewe kujua.

Viondoe katika seva zote, ukianza na zile zinazotarajiwa kuwashwa upya mapema, ndipo ufute. Kama hukuvipata, chunguza hati ya usambazaji inayoendeshwa baada ya kuwasha, maana nyingi zina mstari wa upconfig unaochukua saraka ambayo haisafishwi kamwe. Na ukiwa kwenye diski hiyo, angalia kama kuna nakala za viini zilizowekwa ndani ya saraka ya data ya Solr, kwa mfano habari_shard1_replica_n1-nakala. Solr hutambua viini kwa kutafuta faili la core.properties katika saraka hizo, na ikikuta mawili yenye jina moja la kiini italeta kosa inapowaka. Nakala za namna hiyo zihamishie nje ya saraka ya data.

SWALI

Tunatengeneza hifadhi ya magazeti ya Kiswahili hapa Zanzibar. Ndani ya seti yetu, katika saraka ya lang, kuna orodha za maneno ya lugha ambazo hatuzitumii: Kithai, Kihungari, Kiarmenia na nyingine nyingi. Kiswahili hakimo. Nilifuta orodha zote isipokuwa za Kiingereza na Kiarabu, na mkusanyo ukakataa kupanda, ingawa hatuna hata sehemu moja ya Kithai. Nimezirudisha. Kwa nini ilitokea hivyo?

Mkutubi, Unguja

JIBU

Hongera kwa kazi hiyo, na hongera kwa kuwa ulikuwa na nakala ya kurudisha.

Seti ya _default inayokuja na Solr tangu toleo la 7.0 ina aina za maandishi kwa lugha nyingi, na kila aina inataja faili lake. Solr inapopakia skima hujenga aina zote zilizoandikwa humo, ziwe zina sehemu inayozitumia au hazina. Aina ya text_th inapojengwa hudai lang/stopwords_th.txt, orodha ya maneno ya kupuuzwa katika utafutaji, na isipolipata, upakiaji wote husimama. Kwa hiyo mafaili hayo si mageni hata kidogo, yana mwenyewe, naye ni skima. Anayestahili kuondoka kwanza ni yeye anayeyataja.

Mpangilio ni huu: kila aina ya lugha ina pia sehemu inayotambulika kwa kiambishi, kama *_txt_th kwa Kithai, na hiyo huelekeza kwenye text_th. Ondoa *_txt_th kwanza kwa amri ya delete-dynamic-field ya Schema API, kisha ondoa text_th kwa delete-field-type. Ukibadili mpangilio huo, Solr itakataa na kukuambia aina hiyo bado inatumika, jambo ambalo ni msaada mkubwa. Upakie mkusanyo upya, uone kwamba umepanda, ndipo ufute faili la Kithai katika ZooKeeper. Fanya lugha moja hadi mwisho kabla ya kuanza nyingine. Kazi hii inachosha, lakini hakuna haraka: orodha hizo ni ndogo na hazipunguzi kasi ya utafutaji, kwa kuwa gharama yake pekee ni kumchanganya anayesoma saraka. Kama muda wenu ni mfinyu, ziacheni.

Muda huo ningependa muutumie kwa jambo lenye faida zaidi kwa wasomaji wenu, yaani kuunda lang/stopwords_sw.txt na aina ya text_sw inayoitaja. Anzeni na viunganishi na vihusishi ambavyo vimejaa katika kila habari, kama na, ya, wa, za, kwa, ni na katika, lakini msikimbilie kuongeza maneno mengi, kwa sababu katika kichwa cha habari kifupi neno kama "si" au "bila" ndilo linalogeuza maana. Ongezeni neno baada ya kuona matokeo ya utafutaji halisi. Na kwa kuwa orodha hiyo ni yenu, iwekeni katika Git siku ileile mnayoiandika, ili atakayewarithi asije akaikuta katika ZooKeeper na kuidhania ni taka.

SWALI

Katika configoverlay.json yetu nimekuta usajili wa kitu kinachoitwa velocity, wenye params.resource.loader.enabled ikiwa true. Hakuna hata mmoja katika timu yetu aliyekiandika. Nikifute tu?

Msomaji, Kampala

JIBU

La. Usifute kwanza. Velocity ni njia ya kuunda majibu ya Solr kwa kutumia violezo, na ulichokikuta kinafanana na alama inayoachwa na anayetumia udhaifu unaojulikana kwa namba CVE-2019-17558, ulioathiri Solr kuanzia 5.0.0 hadi 8.3.1. Mshambuliaji huwasha kigezo hicho kwa Config API, kisha hutuma ombi lenye kiolezo ambacho ndani yake kuna amri za kuendeshwa kwenye seva yenyewe. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wako, na ukiyafuta unapoteza njia ya kujua yaliandikwa lini.

Kata kwanza njia ya kuifikia Solr kutoka nje, yaani mlango wa 8983, na hakikisha milango ya ZooKeeper nayo haifikiki. Halafu teremsha seti yote, na kwa kutumia zkCli.sh ya ZooKeeper toa amri ya stat kwa njia ya faili hilo: utaona ctime, saa lilipoundwa, na mtime, saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Linganisha saa hizo na logi za maombi za Solr, utafute maombi ya POST kwenda /config na maombi yenye wt=velocity. Tazama pia kama kuna seti nyingine chini ya /configs ambazo hamzijui, kwa kuwa udhaifu mwingine, CVE-2020-13957, uliruhusu seti iliyopakiwa bila uthibitisho wa utambulisho ikwepe ukaguzi katika matoleo hadi 8.6.2.

Kama saa na logi vinaonyesha ombi lililotoka nje, kuliondoa faili hakuisafishi seva, kwa sababu amri huenda zilikwisha kuendeshwa kwenye mfumo wa uendeshaji. Ichukulie seva hiyo kuwa imevamiwa: jenga mpya kutoka mwanzo kwa toleo lililorekebishwa, badilisha nywila na funguo zote zilizokuwa juu yake, na uunde mkusanyo kwa seti inayotoka katika Git yenu, si kwa ile uliyoiteremsha. Ile uliyoiteremsha mkabidhi anayehusika na usalama katika taasisi yenu pamoja na logi. Na mkijenga upya kwa Solr 9, mtakuta kwamba husikiliza maombi ya mashine yenyewe tu hadi uibadilishe, na kwamba kiandishi cha velocity hakimo tena. Mtu akiwaomba mwifungulie Solr anwani zote ili kurahisisha kazi, iwekeni kwanza nyuma ya uthibitisho wa utambulisho.